Umbea wa Redio Una Mtihani wa Kuingia

Jamani, kule Manzese nilikokulia, ukitaka kujua ya jirani unaegemea dirisha, basi. Huku Texas, katika kamji ketu haka, nimenunua skana ya redio nisikilize zimamoto, ndege na hali ya hewa. Nikadhani ni kuwasha tu. Thubutu! Chaneli 500, zote tupu, uzijaze namba za masafa mwenyewe. Kwa vitufe vyake vidogo nilifika ya 11, nikasahau nukta, skana ikapiga mlio kama mwalimu wa hesabu anaguna.

Wakanishauri nitumie kompyuta. Haya, programu ipi? Ya kwanza ni ya bure, lakini kazi yake kujaza chaneli tu. Ya pili inaiendesha skana nzima ukiwa umekaa mezani, inarekodi na mazungumzo, ila majaribio yakiisha inadai hela. Ya tatu inasifiwa na kila mtu, nayo ni ya Windows peke yake, na laptopu yangu ni Mac. Nikaazima kompyuta mkweche ya shemeji yenye Windows, nikachukua ya bure. Mbona mnashangaa?

Nachomeka kebo, ile programu inaniambia dereva hajapatikana. Dereva! Wa daladala asipopatikana najua yuko kwa mama ntilie. Huyu wa kompyuta, kijiprogramu cha kuifanya iitambue skana, nimemsaka siku mbili. Nikampata, nikampakia, nikahama porti kutoka COM3 mpaka COM7, skana kimya. Akapita mwanangu wa miaka 12, akatupa jicho mara moja: "Baba, hiyo kebo ni ya kuchaji tu, haipitishi data." Akaenda zake. Hata kucheka hakucheka, na ndicho kilichoniuma.

Kebo mpya, mambo yakaenda. Kwenye ndege nikasikia watu wanakoroma ndani ya pipa, kumbe marubani wanaongea kwa AM na mimi nimeiacha skana kwenye FM. Polisi nao sikuambulia neno. Wakishafunga mazungumzo yao kwa msimbo, kama wale wa New York walivyoanza 2023, ununue programu ya bei yoyote, utasikiliza ukimya. Iliyokubali bila matata ni masafa ya 162.550, sauti ya mashine inasoma hali ya hewa toka asubuhi mpaka asubuhi.

"Baba Neema," mke wangu akauliza, "dola mia na ushee uambiwe kuna jua? Si ufungue pazia?"

Nikanyamaza. Ningejibu nini?

Jana usiku zimamoto wakaitwa. Jengo la nyuma yetu, ghorofa ya tatu, moshi jikoni, chakula kimeungua. Mama Neema akaacha vyombo kwenye sinki, akavuta kiti.

"Ghorofa ya tatu? Si yule anayejidai mpishi? Ongeza sauti."