Ndara mbovu si ya kumpa mbwa

Unguja na Pemba viatu vinavuliwa mlangoni, na mbwa wa ulinzi analala uwani. Ndara ikitafunwa, hasara ni mbili: imetoboka, na kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi, penye mate ya mbwa paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Hapo bakora haiko mbali. Kwa maoni yangu ni kazi bure. Mbwa aliyekwisha maliza kutafuna hajui anapigwa kwa lipi. Atakachojifunza ni kukukimbia na kutafuna usipomwona.

Angalia umri kwanza. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Kuanzia kama miezi 4 yanang'oka, na kufikia miezi 6 au 7 huwa ameota ya ukubwani, 42. Fizi zinamsumbua, lazima atafune, basi mchagulie wewe. Chukua kipande cha taulo, kiloweshe, kipige fundo, kitie kwenye friza mpaka kigande. Akitafuna kaa naye. Kikianza kuchanika, kiondoe.

Usimpe ndara mbovu "achezee". Kwake yeye ndara ya chooni na makubadhi ya Idi ni kitu kimoja, vyote vinanuka mguu wako. Piga ubao ukutani, usawa wa kifua, viatu vikae huko. Ubao huo utakufaa kuliko mafunzo ya mwezi mzima.

Nazi yenye makumbi wanaipenda mno, lakini nyuzi zikimezwa zinaweza kuziba utumbo. Kifuu nacho kinavunja meno: kitu kisichobonyea kwa ukucha ni kigumu mno. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, itupe mbali. Na mshubiri tunaowaachishia watoto ziwa usiupake kwenye miguu ya viti, utamharisha. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inatosha, ila irudie kila siku kwani harufu inapotea.

Akishanyakua kitu usimfukuze, ataona mchezo. Mwoneshe dagaa mkavu asiye na chumvi, sema "acha", na mdomo ukifunguka tu mpe. Rudia mara kumi kwa siku, kwa vitu visivyo na thamani kwanza.

Mbwa mkubwa anayetafuna mlango mkiondoka tu, huyo ana hofu ya kuachwa. Mzoeshe kidogo kidogo: toka dakika 2, rudi, kisha 5, kisha 10. Anayeshinda mnyororoni naye atatafuna chochote kinachofikika; mtembeze nusu saa alfajiri, jua halijapanda.

Akitapika, akikataa chakula na asipate choo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ukiona uzi unaning'inia nyuma usiuvute, huenda ncha ya pili imenasa ndani na utauchana utumbo.