Vyuma au Mazoezi: Uamuzi wa Kuunganisha Pingili za Mgongo

Mtu anayetoka kliniki ya mifupa akiwa ameandikiwa mazoezi hupokelewa nyumbani kwa masikitiko, kana kwamba amenyimwa tiba. Jijini Mwanza jambo hili ni la kawaida, hasa katika familia zinazoishi kwa nguvu za mgongo: makuli wanaobeba magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba, akina mama wanaogonga kokoto kwenye vilima vya mawe, wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha. Mgonjwa ameumwa kwa miaka, amemeza dawa za maumivu hadi tumbo limelalamika, amechuliwa, kisha ndugu wamechanga fedha za kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Jibu linasema pingili zimesagika. Halafu daktari anamwambia akafanye mazoezi. Kikao cha ukoo kinachofuata huwa na ajenda moja tu, nayo ni kutafuta hospitali itakayokubali kumwekea vyuma.

Upande wa pili wapo wanaoamini kwamba anayepasuliwa mgongo hatembei tena. Hofu hiyo imetiwa chumvi, na siyo inayonishughulisha hapa, kwa sababu wenye hofu hiyo angalau hawauzi shamba. Ninaona kwamba anayeeleweka vibaya zaidi ni yule aliyepewa ushauri wa upasuaji akafikiri, akauliza maswali, akaamua kutoufanya. Huyo huitwa mwoga au maskini, ilhali ushahidi uliopo uko karibu naye kuliko jamaa zake wanavyodhani.

Operesheni yenyewe haina miujiza. Daktari hukaza skrubu na fito za chuma kwenye pingili mbili au zaidi, kisha huweka vipande vya mfupa, mara nyingi vilivyochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, ili pingili hizo ziote pamoja na kuwa mfupa mmoja. Vyuma hushikilia kwa muda tu; kazi ya kudumu hufanywa na mfupa unaoota, nao huchukua miezi mingi, pengine mwaka, na kwa mvutaji sigara huweza kushindwa kabisa kushikana. Madaktari Russell Hibbs na Fred Albee wa New York, waliotangaza njia hii mwaka 1911, waliielekeza kwanza kwenye kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa unaokula pingili hadi mgongo unapinda. Lengo lilikuwa kuutuliza mgongo uliokuwa ukiporomoka.

Kwa hiyo wapo ambao upasuaji ni wao, na kuwacheleweshea ni kosa. Mtu ambaye pingili imevunjika vibaya kwa ajali ya bodaboda, au imeliwa na kifua kikuu hadi inabana uti wa mgongo, au uvimbe umeidhoofisha, hahitaji hotuba ya mazoezi. Anayeanza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mwenye ganzi sehemu za siri, au ambaye miguu inalegea siku hadi siku, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwenye diski, yaani kile kitulizo laini kati ya pingili na pingili, iliyochomoka na kugandamiza mshipa wa fahamu, maumivu yakashuka mguuni hadi unyayoni, anaweza kunufaika sana na upasuaji, ingawa mara nyingi kinachohitajika kwake ni kuondoa kipande kinachobana, siyo kuunganisha pingili. Mjadala wenyewe unamhusu mwingine: yule ambaye mgongo wa chini unauma kwa miezi na miaka, miguu ina nguvu, damu haina tatizo, na picha inaonyesha diski zilizochakaa.

Picha hiyo ndiyo mzizi wa fitina. Mgonjwa huibeba ndani ya bahasha kubwa, huitoa kila anapotembelewa, na wageni huiinua dirishani ili waone penye weusi. Majibu yaliyoandikwa hutaja pingili ya nne na ya tano, na neno la kusagika huwaingia watu kama hukumu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakahesabu kilichoonekana kwenye picha zao. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizovimba nje kidogo zilikutwa kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 84 ya wazee wa miaka 80. Hawa wote walikuwa wazima, wakifanya shughuli zao.

Takwimu hiyo naomba isipitwe haraka. Tungewachukua wanaume 100 wenye umri wa miaka 50 wanaoshuka kivukoni Kamanga asubuhi, wasiougua mgongo hata kidogo, tukawapiga picha, na hali ikawa kama ilivyokuwa kwa watu wa utafiti ule, takriban 80 wangerudi na karatasi yenye maneno yaleyale yanayomfanya baba mdogo auze ng'ombe. Hii haina maana kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya kubuni. Maana yake ni kwamba diski iliyochakaa pichani yaweza isiwe ndiyo inayouma, na kuifunga kwa skrubu ni kumwadhibu mshukiwa ambaye mashahidi hawajamtambua. Hapa ndipo upasuaji unapokosa shabaha: fundi anaweza kuifanya kazi yake bila dosari, mfupa ukashikana vizuri, na mgonjwa akabaki na maumivu yake.

Watetezi wa upasuaji wana ushahidi wao, na ni wa haki kuutaja. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha wagonjwa 294, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili maumivu ya mgongo yalipungua kwa asilimia 33 kwa waliounganishwa pingili, na kwa asilimia 7 tu kwa wasiopasuliwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini wale wasiopasuliwa walipewa matibabu ya kawaida ya fiziotherapia, ambayo wengi wao walikuwa wamekwisha kuyapata bila kupona. Uingereza walipolinganisha upasuaji na mpango maalumu wa mazoezi na ushauri wa kuondoa hofu ya kujongea, kwa wagonjwa 349, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuwa mengine. Kwenye kipimo cha ulemavu cha alama 0 hadi 100, ambapo alama kubwa ni ulemavu mkubwa, waliopasuliwa walishuka kutoka 46.5 hadi 34.0, na wa mazoezi kutoka 44.8 hadi 36.1. Tofauti ya makundi mawili, baada ya hesabu kurekebishwa, ilikuwa alama 4 hivi, faida ndogo mno kwa kitu chenye kisu, damu na vyuma. Mwaka 2016 mwongozo wa kitaifa wa afya wa huko uliagiza kwamba maumivu ya mgongo wa chini yasitibiwe kwa kuunganisha pingili, isipokuwa ndani ya utafiti.

Humohumo kwenye utafiti wa Uingereza kuna jambo lisilowapendeza watu wa upande wangu: asilimia 28 ya waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa kabla ya miaka miwili kwisha. Kwa hiyo mazoezi hayamfai kila mtu, na aliyeyafanya kwa dhati akashindwa ana haki ya kurudi kwa daktari na kuzungumza upya, bila kusimangwa.

Aliyeyafanya kwa dhati, nasema, kwa sababu mazoezi yaliyopimwa kule yalichukua takriban saa 75 kwa kila mgonjwa, chini ya wataalamu, kwa kawaida siku tano kwa wiki kwa wiki tatu. Huku kwetu mgonjwa hupewa karatasi yenye michoro, huonyeshwa mara moja kitandani, kisha huambiwa arudi baada ya mwezi. Anayetoka Ukerewe hulipa nauli ya meli na siku nzima ya kibarua kwa nusu saa ya fiziotherapia. Kuli mmoja wa Mwaloni alipoambiwa afanye mazoezi alijibu, "Daktari, mimi gunia nabeba kila siku, mazoezi gani tena hayo?" Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana na lilistahili jibu. Kubeba gunia humchosha mtu kwa mwendo uleule, upande uleule, bila kupumzika. Mazoezi ya tiba huongeza mzigo kidogo kidogo, hufundisha misuli ya tumbo, kiuno na makalio kugawana kazi, na humrudishia mgonjwa ujasiri wa kuinama bila kuogopa kwamba kitu kitakatika. Asipoelezwa hivyo ataona amedhihakiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo nao unayaweka mazoezi na elimu kwa mgonjwa katika tiba, pamoja na msaada wa kisaikolojia.

Kuna pia hesabu ambayo ndugu huisahau wanapopanga michango. Daftari huwa na gharama ya vyuma, kitanda na nauli ya msindikizaji, lakini halina miezi ya kukaa bila kazi. Aliyeunganishwa pingili hukatazwa kunyanyua vitu vizito kwa miezi, na pingili zilizo jirani na zile zilizofungwa hubeba msukosuko wa ziada, zikaweza kuleta shida yake miaka ya mbele. Kuli anapasuliwa ili arudi kwenye gunia, na gunia ndilo jambo la mwisho ambalo daktari atamruhusu. Ukoo ukishaamua kuchanga, basi uchange na chakula cha nyumba yake kwa miezi hiyo, na uanze mapema kumtafutia kazi ya kupima au kuandika mizigo badala ya kuibeba, kazi ambayo angeweza kutafutiwa hata kabla ya kisu.