Miaka 7 jela hairudishi laki tatu

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja…" na jina linalotajwa si la ndugu yako. Tapeli anajua simu itakuonyesha jina la mwenye laini kabla hujaweka namba ya siri, kwa hiyo anakuandaa mapema usishtuke. Siku hizi ujumbe huo unatoka kwenye WhatsApp ya shemeji yako mwenyewe, na picha yake ipo. Aliombwa tarakimu 6 zilizoingia kwa SMS, akazitoa, akaunti ikahamia simu nyingine. PIN ya uthibitisho wa hatua mbili ingezuia hilo, iwekeni leo.

Adhabu tunayo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinampa anayejifanya mtu mwingine faini isiyopungua milioni 5, au mara tatu ya alichopata, au kifungo kisichopungua miaka 7. Ila yote hayo yanasubiri mtu akamatwe na atiwe hatiani. Laini aliyotumia huwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mtu asiyejua lolote (piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako), na pesa zinatolewa kwa wakala wakati wewe bado unahangaikia RB (namba ya taarifa yako polisi) kituoni.

Ninachotaka ni sheria inayoifuata pesa. Malalamiko yakishaingia, mtandao wa simu uzuie salio la namba ile kwa saa 24 hata kabla ya RB, na anayelalamika kwa uongo ashtakiwe.

Halafu kuna kurudishiwa. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyerubuniwa akahamisha pesa kwa tapeli ndani ya nchi hurudishiwa na benki yake hadi pauni 85,000, na benki iliyopokea hubeba nusu. Nusu hiyo ndiyo dawa yenyewe, maana benki inayomfungulia yeyote akaunti ovyo nayo inaumia. Kwetu mtandao unaopokea ndio ulioisajili laini ile, na ndio wenye mawakala.

Kampuni zitasema watu watazembea. Waingereza waliliona: uzembe uliokithiri haulipwi, na benki inaweza kukata hadi pauni 100 kwa kila dai. Kwetu makato ya shilingi 10,000 yangetosha.