Mwanangu wa ngapi? Huku hawajui

Kuna kikao cha shule hapa Göteborg, Uswidi, kinanikera kila muhula. Mnaketi mwalimu, mzazi na mtoto, na mtoto ndiye msemaji mkuu. Wangu yuko darasa la tatu. Anaeleza kwamba kusoma anapenda akiwa amesimama, na hesabu zinamwendea vizuri akivaa vizuia kelele masikioni, yale madude makubwa ya mafundi wa barabara. Mwalimu anaandika yote. Mimi nangoja. Mwisho nikauliza: sasa, amekuwa wa ngapi? Mwalimu akanitazama kama nimeuliza bei ya mtoto. Nafasi hawapangi, na alama zenyewe zinaanza darasa la sita.

Najua mtakachosema. "Umeona theluji juzi tu, sasa sisi washamba." Jamani, mimi nimesoma dawati moja watu wanne, jedwali la kuzidisha tukaliimba mpaka likaingia damuni. Kijana wa dukani huku anatoa simu kutafuta asilimia 15 ya 240. Mimi 36 yangu ninayo zamani. Kwa hilo natamba, sioni haya. Na hawa Waswidi si malaika: matokeo yao ya 2012 ya PISA, ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, yaliporomoka vibaya, na baada ya kujaza tableti kila darasa, 2023 serikali yao ikaanza kurudisha vitabu vya karatasi.

Lakini kumbukeni ile ripoti yetu ya mwisho wa muhula kule Tanzania. Nafasi: 87 kati ya 90. Maoni ya mwalimu wa darasa: Aongeze bidii. Bidii ya nini? Kuna aliyeuliza kama mtoto anaona ubaoni? Mzazi akisoma ile 87, yanayofuata nyumbani mnayajua.

"Tupe hela za Waswidi kwanza." Haya, tuache Uswidi. Chuoni kwetu Tanga, yaani madrasa ya Kurani, maalimu alikuwa mmoja, watoto utitiri. Huyu yuko kwenye alifu, yule yuko juzuu ya Amma, mkubwa wao keshafika juzuu ya Tabaraka. Unaitwa na juzuu yako, unasoma ulipoishia. Ukikwama, kesho unaanzia palepale. Bakora ilikuwepo, tena ya kutosha. Ila hakuna aliyekuwa wa mwisho, kwa sababu hapakuwa na foleni. Chini tulikalia mkeka. Mfadhili gani alilipia hayo?

Ndiyo maana nilichoka Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwanzoni mwa 2023 bila kutangaza kumi bora, na watu wazima wakanung'unika kana kwamba wamenyang'anywa ligi yao. Uamuzi ule haukuhitaji dawati wala kitabu kipya, na bado ulitushinda kuumeza. Eti bila ushindani watoto watalala! Kaka, kulala walikuwa wanalala. Ulikaa dawati la mbele, hukuwaona wa nyuma.

Anayenibana kweli ni dada yangu, mwalimu wa darasa la pili huko huko nyumbani. Kanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake watoto wanapiga kelele: "Sawa mdogo wangu, nimekuelewa, kila mtoto na njia yake. Njoo basi unisaidie kusahihisha haya madaftari 112, kila moja kwa njia yake."