Walianua kanga za kweli, wakaanika za uongo

Wiki iliyopita nimezuiwa kupita kichochoro cha kwetu Mkunazini, Zanzibar. Kijana mwenye redio kiunoni na kitambulisho kinaning'inia shingoni kaniambia, "Kaka, subiri kidogo, tunashuti filamu." Nikasubiri. Mara katokea jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushei, na kapu lake la samaki. Akaambiwa azunguke. "Nizunguke wapi, mwanangu, na mlango wangu si ule pale?" Dakika arubaini tumekaa kwenye baraza ya watu, samaki naye anatunukia.

Hilo si lililonikera. Lililonikera ni kuwa asubuhi ile walimwomba huyo huyo bibi aanue kanga zake kambani, eti hazifai kwenye picha. Akaanua. Kisha wakaanika za kwao: mpya, zimetoka dukani Darajani, zimesuguliwa na kupakwa rangi ya udongo zionekane kuukuu. Kanga kuukuu zenyewe zimo ndani kwenye beseni. Na chini ya kamba kasimama bwana anayeigiza Mzanzibari, Kiswahili chake kimeshuka naye ndege.

Nisionekane mchoyo. Pesa imeingia mtaani, nakubali, kwa shingo upande. Nyumba ya wageni pale kona ilijaa, muuza maandazi kauza mpaka unga umemwishia, na mtoto wa dada yangu kapata elfu thelathini na sahani ya biriani kwa kupita na baiskeli mara kumi na moja. Nikamuuliza, kwa siku nzima ile umejifunza nini?

"Nimejifunza kutotazama kamera, mjomba."

Basi! Mtu wa kamera, wa sauti, wa taa, mpaka anayepiga pasi nguo za waigizaji, wote wamekuja na masanduku yao. Sisi tumetoa kuta, bahari na wapita njia.

Ukisema hivi barazani unajibiwa, "Tulia, wakija wale wakubwa wa Hollywood tumetoka." Wakubwa gani? Wenyewe wanamezana. Disney iliimeza Fox 2019 kwa dola bilioni 71 na zaidi. Amazon ikaichukua MGM 2022 kwa bilioni 8.5. Paramount nayo tangu Agosti 2025 iko mikononi mwa kampuni nyingine ya filamu, Skydance. Kila studio mbili zikiwa moja, milango ya kubisha imepungua. Mwaka 2023 waandishi wa kule waligoma siku 148 na waigizaji siku 118, wakigombania, pamoja na mengine, malipo ya kazi zinazooneshwa mtandaoni na kinga dhidi ya akili mnemba. Siku hizi wanakwenda palipo na nafuu. California, nyumbani kwao, 2025 imepandisha nafuu ya kodi ya filamu hadi dola milioni 750 kwa mwaka ili kazi zisihame. Morocco inawarudishia asilimia 30 ya wanachotumia. Sisi tutashindana kwa mfuko upi, wa karafuu? Na hiyo Amazon tunayoisubiri, Januari 2024 iliacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Lagos yenyewe, kitovu cha filamu za Nigeria, imeachwa, itakumbukwa Mkunazini?

Kwa hiyo waje, wapige picha, walipe, waende. Lakini kibali kitoke kwa sharti: kila idara iwe na kijana wa hapa, analipwa, na jina lake lipite mwishoni mwa filamu. Mmoja tu kila idara. Mpeni ile fimbo ya maiki aishike siku kumi mpaka mikono imtetemeke. Mkalisheni pembeni ya yule anayeandika daftarini kikombe kilikuwa mkono gani, ili picha inayofuata isipingane na iliyotangulia. Wageni wakiondoka na makontena yao, huyo anabaki na kitu kichwani. Angalau harusi zetu zitaacha kurekodiwa sauti ya jenereta.

Msiniambie haiwezekani. Vuta N'Kuvute ni hadithi ya Adam Shafi, wa hapa hapa. Amil Shivji kaitengeneza filamu, kaipigia Mji Mkongwe, na 2021 ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto. Sikumbuki mtu kusubiri ruhusa ya Disney. ZIFF nayo, tamasha letu la filamu, inatandika viti Ngome Kongwe tangu 1998. Robo karne tunaangalia filamu za watu, tunapiga makofi, tunakwenda Forodhani kula urojo.

Jana nimempitia bibi. Watu wa filamu wameondoka, wamemwachia kanga moja katika zile za kwao, zawadi ya kumshukuru. Kaifua mara mbili kwa sabuni ya kipande, na jua lote hili. Udongo hautoki.

"Walitia nini humu?" kaniuliza.