Machale, ghaibu na furaha ya kila siku

Simu inaita, unaitazama, na anayepiga ni yule yule uliyekuwa ukimwaza dakika hiyo. Unakataa kwenda mahali bila sababu unayoweza kuieleza, jioni unasikia huko kumeharibika. Unamwota mtu mliyepotezana miaka mingi, kesho yake mnakutana. Kiswahili kina usemi wake kwa hali hii: machale yamenicheza. Wengine husema moyo ulikataa, au roho ilisita. Watu hawatungi maneno ya mambo yasiyowapata, na anayeanza mjadala huu kwa kuwacheka wenye visa hivi amejinyima nusu ya habari kabla hajaanza.

Kuna maswali mawili hapa, na karibu kila ninayemsikia akibishana huyafunga fundo moja. La kwanza: je, wapo watu wanaoona ghaibu, yaani wanaopata habari kwa njia isiyopita kwenye macho, masikio wala akili ya kawaida? La pili: je, kuishi ukiyasikiliza mambo hayo, na kuwa mtu wa kiroho kwa jumla, kunaongeza furaha ya siku za kawaida? Anayeamini husema, inanipa amani, kwa hiyo ni kweli. Asiyeamini husema, si kweli, kwa hiyo haiwezi kukupa chochote. Hakuna kati yao aliyejibu swali la mwenzake.

Swali la kwanza limepimwa kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1882 wasomi kadhaa walianzisha chama jijini London cha kuchunguza mambo haya, na rais wake wa kwanza, Henry Sidgwick, alikuwa mwanafalsafa wa Cambridge. Ng'ambo ya bahari, huko Marekani, William James wa Harvard, mmoja wa waasisi wa saikolojia, alikaa miaka akimchunguza mwanamke wa Boston aliyeitwa Leonora Piper, ambaye akizama katika njozi alisema mambo ya watu waliokufa. James alikuwa na hoja ninayoipenda kwa uadilifu wake: kuivunja kanuni kwamba kunguru wote ni weusi, huhitaji kuwakagua kunguru wote. Mlete mmoja mweupe, basi. Yeye aliamini Bi. Piper ndiye kunguru wake mweupe.

Tangu hapo watu wamemtafuta kunguru huyo kwa vifaa bora zaidi. Katika miaka ya 1930, J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke alitumia kadi 25 zenye alama tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota. Anayebahatisha tu hupata wastani wa kadi 5. Rhine aliripoti watu waliopata zaidi ya hapo mara nyingi, lakini baadhi ya kadi za mwanzo zilikuwa za karatasi ambayo alama iliweza kuonekana kwa nyuma, na wengine waliporudia majaribio kwa ulinzi mkali zaidi hawakupata alichopata yeye. Serikali ya Marekani nayo iligharamia kazi ya watu waliodai kuona maeneo ya mbali kwa akili. Mradi huo ulidumu zaidi ya miaka 20, ukala takriban dola milioni 20, na ukafungwa mwaka 1995 kwa sababu haukuwahi kutoa habari ya kijasusi ya kutegemewa. Kwa haki niseme kwamba wataalamu wawili walioitwa kuutathmini hawakukubaliana. Jessica Utts, mtaalamu wa takwimu, aliona matokeo ya maabara yamepita bahati tupu. Ray Hyman, mwanasaikolojia, akasema hayatoshi kuthibitisha lolote.

Kisha mwaka 2011 Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai kwamba watu huweza kuhisi jambo kabla halijatokea. Katika jaribio moja walipatia asilimia 53 mahali ambapo bahati ingewapa 50. Wengine walirudia hatua zile zile mwaka uliofuata wasione kitu. Ajabu ni kwamba utafiti ule uliisaidia sayansi kuliko ulivyousaidia utabiri. Bem alikuwa amefuata taratibu zilizokubalika na wenzake, kwa hiyo walilazimika kujiuliza ni matokeo yao mangapi mengine yangeporomoka yakirudiwa. Mengi yaliporomoka.

Msimamo wangu basi uko wazi: baada ya zaidi ya miaka 140 ya kutafuta, kunguru mweupe hajaletwa mezani. Sisemi hayupo. Nasema mtu anayekuuzia manyoya yake leo hana haki ya kuzungumza kana kwamba ameshaonekana.

Lakini machale je? Hapa ndipo napenda kukaa zaidi, kwa sababu machale ni kitu halisi kabisa. Mtafiti Gary Klein alikusanya visa vya makamanda wa zimamoto, na kimoja sikisahau. Kamanda na vijana wake wameingia katika nyumba, wanamwagia maji moto ulioonekana kuwa jikoni. Moto haupungui. Ghafla anahisi pana kitu hakiko sawa, anawaamuru watoke wote, na muda mfupi baadaye sakafu ya sebule waliyokuwa wamesimama inaporomoka. Mwenyewe aliamini ana hisia ya sita. Walipokaa na kuchambua polepole, ikajulikana: sebule ilikuwa na joto kupita moto waliouona, na ilikuwa kimya mno kwa joto lile. Moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye chumba cha ardhini, na sakafu ilikuwa ikizima sauti yake. Masikio na ngozi vilijua kabla ya akili kupata maneno.

Uwezo wa namna hii uko hata kwa wanyama. Mwanzoni mwa karne iliyopita Ujerumani ilimshangilia farasi aliyeitwa Hans, ambaye alijibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa akisoma mjongeo mdogo mno wa kichwa cha muulizaji pale hesabu ilipofika kwenye jibu sahihi. Mwenye farasi hakuwa tapeli. Hakujua kwamba anatoa ishara. Nikikumbuka hilo huwa mpole zaidi kwa watu wanaosema wanasoma mioyo ya wenzao. Wengi wao wanasoma kweli: mabega yaliyolegea, pumzi iliyokatika, jina linalotajwa haraka mno. Hicho ni kipawa, ingawa hakitoki ghaibuni.

Upande wa pili wa shilingi ni kumbukumbu zetu. Hatuhesabu mara tulizomwaza mtu na simu isiite, wala safari tulizoziogopa na tukafika salama. Tunahifadhi zilizopatia tu. Na tunapoambiwa jambo linalomfaa kila mtu, tunalivaa kama limeshonwa kwa vipimo vyetu. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wayapime usahihi hadi alama 5. Wastani ulikuwa zaidi ya 4. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu. Rafiki yangu mmoja, mtu makini na msomi, alipitia mwaka mgumu akaanza kumtumia mtabiri ujumbe kabla ya kila uamuzi. Siku moja tumekaa wanne mezani, simu yake imewaka mapajani. Akasoma, uso ukabadilika. Baadaye alinionyesha: "Kuna mtu wako wa karibu anakuchekea usoni, moyoni hakutakii mema." Ni sentensi ambayo ungeweza kumtumia binadamu yeyote. Lakini pale mezani aliinua macho akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu fedha baada ya kuibiwa. Macho yalipofika kwangu yalikaa kidogo. Tumefahamiana tangu utoto. Sidhani niliwahi kuwa mbali naye kama sekunde zile, na mtabiri yule hakuwa na habari kwamba mimi nipo duniani.

Hapo swali la pili linaanza kujitenga na la kwanza, na hapa wasioamini nao wana jambo la kusikiliza. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza utafiti wake kwa wajane na wagane 293 wa Wales. Karibu nusu walikuwa wamehisi uwepo wa mwenza aliyefariki: wengine walimsikia, wengine walimwona, wengine walijua tu kwamba yumo chumbani. Wengi wao walisema jambo hilo liliwasaidia. Na wengi hawakuwahi kumwambia mtu, hata daktari.

Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi yangu. Baada ya mumewe kufariki, kwa miaka miwili alikuwa akisikia kikohozi chake mlangoni kila magharibi inapoingia, kikohozi kifupi cha mtu anayejulisha kwamba amefika. Aliniambia akiwa anakunja nguo, bila kunitazama, kama anayejaribu barafu kwa unyayo. Nilitaka kumweleza kuhusu ubongo, jinsi unavyoendelea kusubiri sauti uliyoizoea kwa miaka arobaini. Nashukuru nilinyamaza. Baadaye alipita mtu aliyejitolea kumwitia roho ya marehemu waongee, kwa malipo. Shangazi akamkatalia. Nikamuuliza kwa nini, maana si anaamini mumewe huja? Akasema, "Mwanangu, huyu anakuja bila kuitwa. Akija kwa kulipiwa nitajuaje kama ni yeye?"

Mkosoaji atasema kikohozi cha shangazi na ujumbe wa mtabiri ni ujinga mmoja. Kwa swali la kwanza labda vina asili moja: akili inayojaza pengo. Kwa swali la pili ni mbingu na ardhi. Kikohozi kilimfanya alale usingizi, aamke, aende kuwaona wajukuu. Hakikumwamuru chochote, hakikumgombanisha na mtu, hakikuahidi kesho. Ujumbe ule ulimuuzia rafiki yangu uhakika, na kila uhakika uliponunuliwa ulihitaji mwingine wa kuulinda.

Wapo pia waliokwenda kwa waaguzi wa namna hiyo wakarudi wamepoa, na siwezi kuwapuuza. Mtu aliyegombana na baba yake hadi baba akafariki, akapata mahali pa kutamka "nisamehe" kwa sauti, huenda amefanya kazi kubwa ya moyo hata kama aliyemjibu alikuwa akibahatisha. Kinachonisumbua ni kwamba nafuu ile ilikuwa katika kutamka, na kutamka hakuna bei. Angeweza kuyasema kaburini, katika sala, au kwa ndugu anayejua kunyamaza.

Dini zenyewe, ambazo nilitegemea zingetetea vipawa hivi, zimekuwa na tahadhari kuliko sisi. Qurani inasema funguo za ghaibu ziko kwa Mungu pekee, na masufi wengi, yaani Waislamu wa njia ya kiroho, walifundisha kwamba karama ni jambo la kufichwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwenye unabii na kujua siri zote, kama hana upendo, si kitu. Mafundisho ya yoga yaliyokusanywa kwa jina la Patanjali, mwalimu wa kale wa India, yanakiri kwamba mtu anayetafakari hupata uwezo wa ajabu, kisha yanauita kizuizi njiani. Hawa wanaamini uwezo upo, na bado wanasema usisimame hapo.

Na furaha yenyewe inatoka wapi? Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu, saa yoyote, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya muda akili zilikuwa mahali pengine, na watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili ikiwa imetangatanga. Mwaka huo huo Chaeyoon Lim na Robert Putnam walionyesha, kwa takwimu za Marekani, kwamba wanaohudhuria ibada huridhika zaidi na maisha, lakini sehemu kubwa ya ridhiko hilo hutokana na marafiki walionao pale pale katika ibada. Muumini anaweza kulalamika kwamba hii inamwondoa Mungu katika hesabu. Silioni hivyo. Imani inayomkalisha mtu karibu na wenzake wiki baada ya wiki imefanya jambo ambalo utabiri wa kesho haufanyi, kwa sababu utabiri unamtoa mtu hapo alipo na kumpeleka kwenye siku ambayo haijafika.

Mimi bado machale hunicheza. Mwezi uliopita nilimwota kaka yangu amesimama kwenye maji yanayopanda, ananitazama tu. Niliamka moyo ukinienda mbio. Sikutafuta tafsiri ya ndoto. Nilimpigia kabla ya kunawa uso. Alikuwa mzima, anatafuta funguo, na alishtuka kwa saa niliyopiga. Tulikuwa hatujaongea tangu mwaka uanze. Tuliongea mpaka chaji yake ikaisha.