Mulozi wa ulingoni tumhukumu kwa lipi?

Ulingo ukisimamishwa Jumapili mchana katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anayengojewa kwa hamu si yule mwema. Ni mulozi, mpiganaji anayejifanya mchawi: uso kaupaka udongo mweupe, kuku mkononi, jeneza linabebwa nyuma yake. Watu wanaanza kumzomea angali barabarani. Waandaaji wa catch, yaani mieleka ya maonyesho, wanajua bila yeye tiketi haziuziki. Ila malalamiko nayo hayakomi, hasa makanisani: huyu anatangaza uchawi, azuiwe.

Hoja hiyo ina uzito. Kongo watoto hufukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, hata sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 ikabidi ikataze jambo hilo. Mtu akiangushwa kwa unga na maneno ya kunuizia, mtoto aliyekaa mbele hajui kwamba anayeanguka amekubali kuanguka.

Mimi nikiipima kazi hii humkumbuka mwanamieleka Kamala, "Jitu la Uganda". Huo Uganda wake ulikuwa wa kubuni. Aliitwa James Harris, mtu wa Mississippi, Marekani. Mwaka 1982, kule Memphis, yeye na mwanamieleka mwenzake Jerry Lawler walimtengeneza Kamala: miguu mitupu, nyota na mwezi vimechorwa mwilini, mkuki, na mtu wa kofia ya safari akimwongoza kama mnyama.

Wanaomtetea wanasema ilikuwa ajira, na kweli ilikuwa. Kijana aliyekulia katika umaskini alifika kupigana na nyota wa mieleka Hulk Hogan, na Agosti 1992 akakutana na nyota mwingine, Undertaker, uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu karibu 80,000. Kuhusu malipo, mwenyewe alilalamika baadaye kwamba aliambulia kidogo sana akilinganishwa na mpinzani wake.

Wengi humlaumu kwa kuitukana Afrika. Sawa, lakini mimi kinachonikera zaidi ni kwamba alinyimwa maneno. Kazi yake ilikuwa kunguruma na kujipiga tumbo. Mwanamieleka Iron Sheik, Mwirani, naye alifanywa adui wa Wamarekani, ila alishika kipaza sauti akawatukana kwa kinywa chake. Januari 1984 Hogan alimnyang'anya mkanda wa ubingwa. Ulimi alibaki nao, na hadi uzeeni watu walitaka kumsikia. Kamala alipogeuzwa kuwa mwema, mwanzoni mwa 1993, ilibidi mhubiri Slick amfundishe kwamba yeye ni binadamu. Hebu fikiria! Wenzake wakigeuka wema hupewa hotuba, yeye akapewa ruhusa ya kuwa mtu.

Mulozi wetu hayuko hivyo. Anazungushwa mitaani juu ya gari, anamtukana mpinzani kwa Kiswahili na Kifaransa, jina la kutisha kajichagulia. Kwa hiyo siwezi kumweka kapu moja na Kamala, wala sioni sababu ya kumfungia kazi. Hofu ya mtoto wa mstari wa mbele ndiyo bado haijajibiwa, na hapo makanisa yananishinda.

Waandaaji wangeweza kufanya hivi: pambano likiisha, mulozi anawe uso, apewe kipaza sauti, ataje jina alilopewa na wazazi na kartiye (mtaa) anayokaa, watoto wakimtazama. Watasema atapoteza soko. Sidhani. Jumapili inayofuata atazomewa vilevile, na kuku wake.